Niliingia kwa matundu manne, nikaamka na mshono wa sentimita 16

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipozinduka kwenye nusu kaputi ni kupapasa tumbo. Nilikuwa natafuta plasta nne ndogo. Daktari alikuwa amenichorea kwenye karatasi: moja kitovuni, moja chini kidogo ya chembe ya moyo, mbili ubavuni kulia. Mkono wangu ukakutana na bandeji nene iliyoanzia katikati ya tumbo ikafuata mbavu hadi ubavuni, na pembeni yake mpira mwembamba uliokuwa ukichuruzisha majimaji mekundu kwenye mfuko. Nikalia. Muuguzi akadhani naumwa, akaniongezea dawa. Sikuwa nalilia maumivu. Nilijiona nimedanganywa.

Yapata miaka mitatu sasa. Naandika leo kwa sababu mwaka jana mdogo wangu aliugua ugonjwa uleule, mawe ya nyongo, akapangiwa upasuaji uleule wa kutoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, akatoka hospitali siku ya pili akitembea. Nyumbani wakahitimisha kwamba yeye alipata daktari mzuri, mimi nikapata mbaya. Kwa muda mrefu na mimi niliamini hivyo. Sasa najua si kweli, na ninaona nina deni la kueleza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro. Maumivu yalinianza usiku wa kuamkia Jumapili, baada ya pilau ya harusi. Yalinishika kwenye chembe ya moyo, yakakaza kama mtu anayekamua nguo, kisha yakapita hadi mgongoni, chini ya bega la kulia. Nikatapika mara mbili. Baada ya saa tatu hivi yakaondoka yote, nikalala kama sijaumwa. Asubuhi nilikwenda duka la dawa. "Vidonda vya tumbo hivyo, mwalimu," nikaambiwa, nikapewa vidonge.

Hapo ndipo miaka miwili ilipopotea. Nilipimwa choo, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda, nikamaliza dozi ya wiki mbili. Maumivu yakarudi. Nikaacha pilipili, nikaacha ndimu, nikaacha maharage. Yakarudi. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo leo namuuliza kila mtu anayeniambia ana vidonda: yanakuja baada ya kula mafuta? Yanakaa saa moja au zaidi kisha yanaondoka kabisa? Yanakwenda mgongoni au begani upande wa kulia? Vidonda huweza kuuma kila siku, njaa ikija, usiku wa manane. Mawe ya nyongo huja kama mgeni, yakafanya fujo, yakaondoka, ukasahau.

Shangazi yangu alisema ni chango. Nilikunywa mizizi yake kwa heshima. Halafu mwenzangu wa ofisini akanipa dawa ya kusafisha nyongo: mafuta ya zeituni kikombe kizima na maji ya ndimu, unakunywa usiku, asubuhi unatoa mawe chooni. Nilitoa kweli. Vidonge laini vya kijani, vingi. Nilifurahi mpaka nikawapigia watu simu. Daktari alipokuja kunieleza baadaye hakunicheka. Alisema yale yalikuwa mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni yakawa kama sabuni baada ya kukutana na ndimu. Mawe ya kweli ni magumu, na hayakuwa yametoka hata moja. Tena mafuta mengi hivyo huuminya mfuko wa nyongo kwa nguvu. Ningeweza kusukuma jiwe likaziba mrija.

Kipimo kilichomaliza ubishi wote kilinigharimu shilingi 30,000. Altrasaundi ya tumbo, asubuhi, bila kula. Dada aliyenipima alinionyesha kwenye kioo: mfuko mdogo wenye umbo la peya, na ndani yake vitu vyeupe vikiacha kivuli nyuma yake. Miaka miwili ya dawa, kwa hesabu zangu za daftari, ilikuwa imekula zaidi ya laki sita.

Daktari wa upasuaji, Dar es Salaam, alinipa ushauri mzuri na mimi nikauharibu. Alisema mawe yasiyosumbua huachwa yalivyo. Shangazi yangu yuleyule anayo, yalionekana kwa bahati kwenye kipimo cha figo, na hakuna aliyemgusa. Lakini yakishaanza kuuma hayaachi. Akanishauri nipange upasuaji wa matundu madogo ndani ya wiki chache, wakati mfuko umetulia. Ilikuwa Aprili. Nikamwambia nitarudi Desemba, shule zikifungwa. Nilikuwa na darasa la saba, mitihani ilikuwa mbele, na kusema ukweli nilikuwa naogopa nusu kaputi. Darasa la saba lilikuwa kisingizio kizuri.

Septemba yalinishika na safari hii hayakuondoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Homa ikaingia. Nilimeza dawa za maumivu nikasubiri, kwa sababu kila mara huwa yanaondoka. Nilifika hospitali siku ya sita, nimejikunja, siwezi kuvuta pumzi hadi mwisho. Mfuko ulikuwa umevimba na kuta zake zimenenepa. Siku mbili za antibayotiki kwenye dripu hazikusaidia. Wakaniingiza tiata.

Sasa nieleze kilichotokea mle, kama nilivyokuja kukielewa kwa kuuliza maswali mengi kuliko daktari alivyozoea.

Upasuaji wa matundu huanza kwa kulijaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi ili ukuta wake uinuke na kamera ipate nafasi. Hutumika hewa hiyo kwa sababu haishiki moto, na mwili huinyonya haraka na kuitoa kwa pumzi. Msukumo wake huwekwa kwenye milimita 12 hadi 15 za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Kamera huingia kitovuni, vyombo huingia kwenye yale matundu mengine. Kuuondoa mfuko wa nyongo kunahitaji kukata vitu viwili tu: mrija mdogo unaotoka kwenye mfuko, na mshipa wa damu unaoulisha. Ugumu ni kwamba mrija mkuu, unaopeleka nyongo yote ya ini kwenye utumbo, upo hapohapo jirani. Ukiukata kwa kudhani ni ule mdogo, umeharibu maisha ya mtu. Kwa hiyo wapasuaji wana kanuni, iliyoelezwa mwaka 1995 na Steven Strasberg na wenzake: safisha eneo lote kwanza, uone vitu viwili, viwili tu, vikiingia kwenye mfuko, ndipo ukate.

Kwangu hawakuviona. Mfuko ulikuwa na usaha, mafuta ya tumbo na utumbo vimeung'ang'ania, kila walipogusa pakavuja damu. Walihangaika kwa dakika arobaini hivi. Kisha daktari akaomba kisu kikubwa.

Alikuja asubuhi ya pili, nami bado nimenuna. Akavuta kiti. "Mwalimu, kuna karatasi ulisaini kabla ya kuingia. Uliisoma?"

Sikuisoma. Mimi ninayewaambia watoto kila siku wasome swali kabla ya kujibu. Iliandikwa wazi kwa Kiswahili, kwamba upasuaji unaweza kuanza kwa matundu na kumalizika kwa mpasuo mkubwa. Akaniambia kwamba wapasuaji wengi duniani hubadilisha hivyo kwa wagonjwa kadhaa katika kila 100, na mfuko uliooza kama wangu huongeza uwezekano huo mara nyingi. Akaniambia pia jambo ambalo lilinitoa hasira: kwa takwimu zinazotajwa sana, mrija mkuu huumia kwa watu 3 hadi 5 katika kila 1,000 wanaofanyiwa kwa matundu, na 1 au 2 katika kila 1,000 kwa mpasuo mkubwa. "Ningeweza kung'ang'ania nikuachie makovu mazuri," alisema. "Ningekuwa nakata nisichokiona."

Ile karatasi ya ridhaa isomeni. Kama umeshikwa na maumivu, mpe ndugu akusomee kwa sauti.

Gharama nazo ziligeuka. Bima ilikuwa imeidhinisha matundu na siku mbili za wodini. Nilikaa siku sita. Tofauti, pamoja na dawa zisizokuwemo kwenye orodha yao, ilifika shilingi 1,150,000, na ndugu zangu walichanga kwa simu nikiwa bado na mpira tumboni. Kama una bima, kabla ya kulazwa uliza kwa maandishi: upasuaji ukibadilika njiani, nani analipa siku za ziada? Hilo sikulijua, na aibu ya kuchangiwa iliniuma kuliko mshono.

Wiki zilizofuata nitazipitia haraka. Kukohoa ilibidi nikumbatie mto. Kutoka Dar hadi Morogoro, karibu kilomita 190, kila tuta la barabarani nililihesabu. Siku ya tisa mshono ukatoa usaha pembeni, nikawa nasafishwa kidonda zahanati kila siku kwa wiki mbili. Wiki ya tatu niliinua ndoo ya maji ya lita 20 kwa sababu nilijiona nimepona. Nikasikia kitu kikivutika ndani, nikakaa chini sakafuni nikitetemeka. Haikuwa ngiri, ashukuriwe Mungu, ila ndivyo ngiri ya mshono inavyoanza kwa wengi. Baada ya mpasuo mkubwa usiinue kitu kizito kwa wiki sita, hata wakikuita mvivu. Nilirudi darasani wiki ya saba. Mshahara uliendelea, lakini tuisheni za jioni zilikufa, na wazazi wakahamisha watoto.

Nilikuwa nyumbani bado ninapona shangazi aliponiuliza swali zuri: kwa nini wasitoe mawe tu, wauache mfuko? Niliingia intaneti kumtafutia jibu. Carl Langenbuch, daktari wa Berlin aliyeondoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mwaka 1882, alilijibu mwenyewe: mfuko hautolewi kwa kuwa una mawe, hutolewa kwa kuwa ndio unaoyatengeneza. Ukiuacha, utatengeneza mengine. Ini huendelea kutoa nyongo, mfuko ulikuwa ghala tu. Baada ya hapo ikapita zaidi ya karne moja watu wakipasuliwa kama mimi, mpaka Erich Mühe, mpasuaji wa Böblingen, Ujerumani, alipoutoa kwa kamera Septemba 1985. Wenzake walimbeza. Miaka michache baadaye njia hiyo ilikuwa imeenea dunia nzima. Niliposoma hayo nilielewa kwamba mshono wangu si wa kizamani kwa maana ya ubovu. Ndio njia ambayo ile nyingine huikimbilia ikishindwa.

Sasa mdogo wangu. Yeye ni fundi cherehani Tanga, asiposhona hali. Mwaka jana, Februari, alinipigia simu usiku baada ya kula wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Aliposema "limenishika chembe likapanda begani" nilikaa kitandani wima. Sikumwachia nafasi ya duka la dawa. Kesho yake altrasaundi, mawe matatu. Vipimo vya ini vya damu, vikawa sawa, na mrija mkuu haukuwa umetanuka. Hilo nalo mkumbuke kuuliza, kwa sababu jiwe likiwa limeshateremka kwenye mrija mkuu, kuutoa mfuko peke yake hakutoshi. Huenda ukahitaji kwanza mpira wa kamera unaopitia mdomoni kulitoa.

Kwake tulibishana kuhusu njia. Daktari mmoja wa huko alimweleza kwamba anaweza kumfanyia kwa mpasuo mdogo, sentimita sita au saba, kwa bei iliyo karibu nusu. Mimi nilitaka kumkatalia palepale, kisha nikasoma. Tafiti zilizolinganisha mpasuo mdogo na matundu hazikuonyesha tofauti kubwa ya madhara, na zote mbili hupona haraka kuliko mpasuo mkubwa. Kwa hiyo nasema kwa moyo mweupe: kama karibu nawe hakuna mpasuaji aliyezoea kamera, mpasuo mdogo kwa mkono uliozoea si kitu cha kudharau. Swali la kumuuliza daktari si kama ana mashine. Muulize anafanya wangapi kwa mwezi, na wangapi amelazimika kuwafungua. Daktari mzuri hajibu kwa kukasirika. Aliyemfanyia mdogo wangu alijibu kwa namba, bila kusita, na akasema pia nani angemsaidia akikwama.

Tulichagua matundu, Dar, kwa sababu ya cherehani. Ankara ilikuwa kubwa kuliko ya mpasuo mdogo kwa zaidi ya milioni moja, hakuwa na bima, na tulikopa kwenye kikoba. Lakini kila wiki bila kushona ilikuwa hasara ya kazi na wateja, na hesabu hiyo haiandikwi kwenye ankara.

Daktari wake aliingia kitovuni kwa kupasua kidogo na kuona anapopita, badala ya kuchoma sindano ya hewa bila kuona. Mdogo wangu alikuwa na kovu la upasuaji wa uzazi, na penye kovu utumbo unaweza kuwa umenata ukutani. Kama umewahi kupasuliwa tumbo, hata zamani, sema. Yeye alikuwa hajaandika kwenye fomu, akiona kuzaa si ugonjwa. Nilimkumbusha mlangoni.

Dakika 50. Jioni alikunywa uji, asubuhi akaenda msalani mwenyewe, mchana akaruhusiwa.

Usiku huo, nyumbani kwa binamu yetu, bega la kulia likaanza kumuuma vibaya. Mama akaanza kusoma dua, binamu akatafuta gari, wote wakiwaza moyo. Nilimpigia muuguzi wa wodi. Alikuwa mpole: "Hiyo ni hewa iliyobaki, mama. Inasumbua misuli ya kupumulia, na mishipa yake ya fahamu inapeleka maumivu begani. Atembee, anywe dawa yake." Ndani ya siku mbili ikaisha. Hakuna aliyekuwa ametuambia kabla. Lakini muuguzi akaongeza neno ambalo nimelishika mpaka leo: mgonjwa wa matundu kila siku lazima awe afadhali kuliko jana. Akianza kurudi nyuma, homa, tumbo kuvimba, maumivu kupanda, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, msimpe dawa ya maumivu mkasubiri. Mrudisheni usiku huohuo. Nyongo inayovuja haionekani kwa nje, na plasta ndogo hudanganya watu kwamba ndani nako kumefanyika kitu kidogo.

Udanganyifu huo ulimpata hata mdogo wangu. Siku ya tano alikaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga, na jioni plasta ya kitovuni ikawa imelowa damu. Ilikuwa ngozi tu, lakini alirudi kitandani akiwa na hofu. Aliporejea kazini sawasawa ilikuwa siku ya kumi na nne. Mafuta alipunguza mwezi mzima. Wote wawili tuligundua kwamba chipsi za mapema hukukimbiza chooni.

Kwa hiyo daktari wangu na daktari wake walifanya kazi ileile. Mmoja alipewa mfuko uliotulia, mwingine akapewa mfuko wa siku nane wenye usaha, uliosubirishwa miezi mitano na mwenye tumbo mwenyewe. Nilirudi kumwona daktari wangu baada ya mwaka, nikamwomba msamaha kwa ile siku niliyokataa kumjibu salamu. Aliniandikia nakala ya taarifa ya upasuaji, ukurasa mmoja, pamoja na majibu ya maabara ya mfuko. Naitunza na cheti cha kuzaliwa, maana mpasuaji mwingine yeyote atakayenifungua lazima aisome kwanza.

Mkanda wa sketi hunikera kwenye kovu hadi leo. Mdogo wangu amenishonea magauni manne yasiyo na mkanda, na kila akinipima anapitisha futi juu ya mshono polepole, bila kusema kitu.

Wiki iliyopita jirani yangu, mama wa watoto watatu, aliniomba nimwazime vidonge vyangu vya vidonda vya zamani. Nikamuuliza yanakuja saa ngapi na yanakwenda wapi. Akashika chembe ya moyo, kisha mkono ukazunguka nyuma ya bega la kulia. Jumatatu asubuhi, kabla hajala, tunakwenda naye altrasaundi.